Kamera haijibadilishi yenyewe: majibu kwa barua zenu

Barua nyingi za safari hii zina malalamiko ya namna moja: kamera ilikuwa nzima jana, leo imechanganyikiwa na hakuna aliyeigusa. Tumechagua nane na kuyaacha majina ya wenyewe. Majina ya vipengele vya menyu tumeyaandika kama yanavyosomeka kwenye skrini, ili usihangaike kuyatafuta.

Napiga picha za harusi na send-off. Juzi ukumbini picha zote tangu bi harusi anaingia zimetoka na giza. Nilikuwa modi ya Av (nachagua kipenyo cha lenzi, kamera inapanga kasi ya shata), ISO 1600, bila flashi. Mchana wake nilipiga nje na zikatoka vizuri. Sikugusa kitu. Je, sensa imeanza kufa? (Msomaji, Morogoro)

Sensa, kile kipande kinachopokea mwanga ndani ya kamera, haifi hivyo. Sensa mbovu hutoa nukta zinazong'aa, mistari, au picha nyeusi tii. Giza la kiwango kimoja kwenye picha zote ni dalili ya fidia ya mwanga iliyosogezwa, ile yenye alama ya +/- inayoiambia kamera ing'arishe picha au iitie giza. Ikikaa kwenye -1 kamera inaipa sensa nusu ya mwanga, -2 ni robo, -3 ni sehemu moja ya nane. Nje juani huenda ilikuwa bado kwenye sifuri, ikasogea njiani kuelekea ukumbini.

Hakikisha kabla ya kwenda kwa fundi. Fungua picha mojawapo kwenye kamera kisha bonyeza INFO kwa Canon, DISP kwa Sony, au mshale wa juu kwa Nikon, hadi zitokee takwimu za picha. Kwenye kompyuta ya Windows, bonyeza faili kwa upande wa kulia wa mausi, ingia Properties, halafu Details, usome mstari wa Exposure bias. Ukikuta "-2 step", umempata mhalifu.

Hukututajia aina ya kamera, kwa hiyo tuzipitie tatu.

Canon zenye gurudumu kubwa mgongoni, kama 70D, 80D, 6D na 5D Mark III, hutumia gurudumu hilo hilo kwa fidia ukiwa P, Tv au Av (modi ambazo kamera inakusaidia kupanga mwanga). Halihitaji kitufe cha kushikilia. Kidole kikigusa shata nusu, kipima mwanga kinaamka na kubaki macho kwa sekunde chache, na katika sekunde hizo gurudumu likisuguana na shati au mkanda, thamani inahama. Mpiga picha wa harusi anayetembea na kamera tumboni ndiye mteja mkuu wa tatizo hili. Chini ya gurudumu kuna swichi iliyoandikwa LOCK. Isukume kulia, na kuanzia hapo gurudumu likiguswa utaona herufi L tu kwenye kitazamio. Kama haifungi unachotaka, ingia menyu ya Multi function lock uweke tiki kwenye Quick Control Dial.

Nikon nyingi zinataka ushikilie kitufe cha +/- kisha uzungushe, kwa hiyo ajali ni chache, isipokuwa kama mtu amewasha Easy exposure compensation kwenye kundi b la Custom Setting. Kikiwa On, gurudumu peke yake linatosha kuharibu kazi. Kirudishe Off, au uchague On yenye Auto reset, inayorudi sifuri kamera ikizimwa.

Sony a7 III na ndugu zake wa awali wana gurudumu la fidia pembeni kabisa juu kulia, lenye namba hadi 3, na halina kufuli. Kufuli lilikuja na a7R IV mwaka 2019. Kwa zile za zamani lililobaki ni jicho: kila ukiinua kamera, dole gumba lipapase gurudumu lile kabla ya shata.

Kwa kamera hizi, ukiwa P, Tv au Av (Nikon na Sony huziita S na A), kuzima na kuwasha hakufuti thamani, isipokuwa kwa ile Auto reset ya Nikon. Ndiyo maana kosa la Ijumaa linakukuta Jumamosi. Na usidhani ukihamia M, modi ya kupanga kwa mkono, umeokoka: M yenye ISO ya Auto kwenye Nikon na Sony bado inaitii fidia.

Kuhusu picha zilizokwisha kupigwa: kama ni RAW (faili ghafi ya sensa), stopu mbili, yaani hatua mbili za +/-, utaziinua kwenye programu na mteja hatajua. Kama ni JPEG (picha iliyokwisha kukamilishwa na kamera), stopu moja inapona, ya pili inaleta chengachenga kwenye vivuli, hasa kwenye suti nyeusi, na ngozi inapoteza rangi.

Hamjambo wahariri? Kamera yangu ya mirrorless (isiyo na kioo ndani) inapiga picha vizuri, lakini mishale ya nyuma na kitufe cha Q vimekufa. Fundi anasema bodi imeungua na anataka shilingi elfu kumi na mbili. (Msomaji, Kisumu)

Usimlipe bado. Bodi iliyoungua haichagui vitufe vitano vya kuua na kukuachia shata nzima. Mishale na Q vikifa pamoja kwa wakati mmoja, karibu kila mara kamera imefungwa, na kwa maelezo yako tunaelekea kuamini ni Fujifilm. Kwenye kamera nyingi za X, ukikandamiza MENU/OK kwa sekunde kadhaa, mishale na Q hufungwa hadi ukandamize tena kwa muda ule ule. Kamera hukuonyesha alama ya kufuli, lakini ukiwa hutazami skrini hutaiona. Aliyechagua kitufe kile kwa kazi hii hakufikiria watu wenye viganja vinene: sehemu ya chini ya dole gumba hukilalia kila unapoishika kamera kwa mkono mmoja. Kamera mpya zaidi zina LOCK chini ya BUTTON/DIAL SETTING, ambako unaamua mwenyewe nini kifungwe.

Wasomaji wenye kamera nyingine msicheke, nanyi mna mtego wenu. Sony nyingi hufunga magurudumu ukishikilia Fn, kama kipengele cha Lock Operation Parts kimewashwa. Shikilia Fn tena kufungua. Kwa Canon ni ile LOCK ya jibu lililotangulia, safari hii imesukumwa bila mtu kujua. Na kwa Nikon kama D7100, D750 na D850, angalia kuzunguka kitufe cha mishale: kuna swichi yenye nukta upande mmoja na herufi L upande mwingine. Ikielekea L, alama ya fokasi haisogei hata ukibonyeza mpaka kesho. Watu wamebadilishiwa kitufe kizima kwa sababu ya swichi hiyo.

Toa betri kwa dakika moja, irudishe, jaribu hayo. Kama mishale bado imekufa, hapo ndipo fundi ana hoja.

Kwenye mahafali ya shule nilipata picha za ajabu: moja nzuri, inayofuata giza, ya tatu nyeupe, halafu inaanza tena. Nilidhani ni umeme wa ukumbi unapandaposhuka. (Msomaji, Mwanza)

Umeme haufuati utaratibu namna hiyo. Nzuri, giza, nyeupe, kisha nzuri tena: huo ni mpangilio wa kawaida wa breketi kwenye Canon na Nikon, yaani kamera imeagizwa ipige picha tatu za mwanga tofauti ili baadaye uchague au uziunganishe.

Kwenye Nikon za daraja la kati, kitufe cha BKT kiko mbele, kushoto kwa lenzi, chini ya kile cha flashi. Shika kamera yako sasa kama unapiga picha, halafu tazama kidole cha kati cha mkono wa kushoto kinatua wapi. Kikikandamiza BKT wakati dole gumba la kulia linazungusha gurudumu la nyuma, breketi imewaka, na neno BKT linatokea kwenye skrini ndogo ya juu. Kuifuta: shikilia BKT, zungusha gurudumu la nyuma hadi isomeke 0F. Kuzima kamera hakuifuti. Ukiiwasha wiki ijayo itaendelea ilipoishia.

Canon ni rahisi zaidi, maana kwa mpangilio wake wa kiwandani breketi hufutika ukizima kamera. Huwashwa bila kukusudia pale unapoingia Expo. comp./AEB kurekebisha fidia ukazungusha gurudumu la juu badala ya kutumia mishale: kistari kimoja kinapanuka kuwa vitatu. Rudisha vistari vitatu kuwa kimoja, bonyeza SET. Kwa Sony, tazama upande wa kushoto wa gurudumu la nyuma; ukibonyeza hapo ukaona BRK, rudi kwenye picha moja moja.

Na ukiwa hapo hapo, angalia alama ya saa. Taima ya sekunde 10 nayo huwashwa kwa ajali, na barua za "shata yangu imegoma kupiga" nyingi dawa yake ni hiyo.

Alama ya fokasi inahama yenyewe ninapotazama kwenye kitazamio. Naiweka kwenye jicho la mtu, nikiinua kamera iko kona ya chini. Natumia jicho la kushoto. (Msomaji, Nairobi)

Pua. Anayetumia jicho la kushoto hubandika pua kwenye skrini, na kamera nyingi za mirrorless huifanya skrini kuwa padi ya kusogeza fokasi wakati jicho liko kwenye kitazamio. Kamera haijui kutofautisha pua na kidole.

Canon M50 na za aina ya R zina Touch & drag AF settings: izime, au ubakishe kona ya juu kulia tu iwe hai. Sony kama a6400 na a7 III: unaweza kuzima Touch Operation kabisa, au kuchagua Touch Panel Only, au kwenye Touch Pad Settings ukapunguza eneo hadi robo ya kulia, ambako dole gumba linafika na pua haifiki kirahisi. Olympus wana AF Targeting Pad, ambayo huwaka na kuzimika kwa kugonga skrini mara mbili, kwa hiyo hata ukiizima pua inaweza kuiwasha tena. Iondoe kwenye menyu. Nikon wana Touch controls kwenye menyu ya ufunguo wa spana.

Kama skrini yako inafunguka pembeni, igeuze uso wake uangalie ndani. Ni njia ya haraka kuliko menyu zote hizi, na mikwaruzo inapungua.

Kuna binamu yake: kamera inayojipigia picha ikiwa imening'inia. Hiyo ni Touch Shutter. Kwa Canon, alama yake huwa kona ya chini kushoto ya skrini. Iguse hadi isomeke imezimwa.

Shikamooni wahariri. Nikitazama kwenye kitazamio naona ukungu, lakini picha zikitoka ni kali. Lenzi ni mbovu? (Mwanafunzi, Dodoma)

Marahaba. Lenzi ni nzima. Pembeni mwa kitazamio, mara nyingi juu kulia, kuna kigurudumu kidogo au kitelezi cha kurekebisha kulingana na macho ya mtazamaji, na hujigeuza kamera inapoingia na kutoka begini. Elekeza kamera ukutani, usitazame ukuta, tazama namba na alama zilizo ndani ya kitazamio. Zungusha hadi namba ziwe kali. Kama unavaa miwani, ivae kwanza. Kinyume chake, kitazamio kikali na picha zenye ukungu, anza na swichi ya AF/MF kwenye lenzi. Kwenye Nikon nyingi tazama pia swichi ya mwilini, karibu na mdomo wa lenzi.

Studio yetu ina kamera moja, tunaitumia watu watatu. Kila mmoja anaiacha alivyoiacha. Wiki hii picha za pasipoti zimetoka bluu, wiki iliyopita zilitoka ndogo kupita kiasi. Tumeshagombana vya kutosha. (Msomaji, Arusha)

Bluu ni WB (white balance, mizani ya rangi ya mwanga) iliyoachwa kwenye alama ya balbu. Hapo kamera inaamini mwanga ni wa Kelvini 3200 hivi, wa njano, ikaongeza bluu kuusawazisha. Flashi ya studio iko karibu na 5500, kwa hiyo bluu yote inabaki kwenye uso wa mteja. Picha ndogo ni mtu aliyechagua S (saizi ndogo) ili kadi isijae. Kama mngepiga RAW, bluu ingeondoka kwa kubadili WB kwenye Digital Photo Professional ya Canon au NX Studio ya Nikon, zote za bure. JPEG inarekebishika nusunusu. Picha ndogo haikuzwi.

Ugomvi lakini hauishi kwa kukumbushana. Karatasi ya "tafadhali rudisha mipangilio" ukutani haisomwi na mtu mwenye foleni ya wateja. Tumieni nafasi za kuhifadhi mipangilio: C1 na C2 kama ni Canon, U1 na U2 kama ni Nikon, au namba za kumbukumbu kama ni Sony.

Chukueni dakika kumi siku isiyo na wateja. Wekeni modi M, 1/125, f/8, ISO 100, WB ya flashi au Kelvini mliyoipima kwa karatasi nyeupe, ubora RAW pamoja na JPEG kubwa, fokasi ya alama moja katikati. Pigeni ya majaribio hadi mridhike. Kisha Canon: menyu ya spana, Custom shooting mode, Register settings, chagua C1. Nikon: menyu ya spana, Save user settings, chagua U1. Sony: Memory, chagua 1. Kuanzia hapo anayeingia zamu anageuza gurudumu la modi hadi C1 na kila kitu kinarudi mahali pake. Akibadilisha kitu katikati ya kazi, kamera ikizimwa mabadiliko yanasahaulika.

Jambo moja linaloharibu mpango huu kwenye Canon ni Auto update set. Ikiwa Enable, kila mabadiliko ya mtu yanaandikwa juu ya C1 yenu, na mtarudi kulekule. Iache Disable. Kwenye Nikon zenye gurudumu la pili chini ya lile la modi, upigaji wa moja moja au mfululizo hauingii kwenye U1, kwa sababu unategemea gurudumu limesimama wapi. Hilo mtalitazama kwa macho.

Kamera isiyo na C wala U hubaki na kufuta yote. Nikon nyingi zina vitufe viwili vyenye nukta ya kijani: vikandamize pamoja kwa zaidi ya sekunde mbili. Canon wana Clear all camera settings. Lakini kumbukeni kwamba njia zote mbili zinakurudisha kwenye JPEG. Mwenye kupiga RAW akisahau kuirudisha, atagundua jioni.

Je, naweza kubandika selotepu kwenye gurudumu la modi lisigeuke begini? (Msomaji, Tabora)

Si selotepu, na si ule utepe mweusi wa mafundi umeme: kwenye joto gundi yake inayeyuka na kuingia chini ya gurudumu. Tumia utepe wa karatasi wa wapaka rangi, upana wa sentimita moja, ukikunja ncha upate pa kushika wakati wa kuutoa. Ubadilishe kila wiki. Kama gurudumu lako lina kitufe katikati, tayari lina kufuli na huhitaji kubandika chochote.

Begini tunaogopa zaidi kitufe chekundu cha video. Video ya megabiti 50 kwa sekunde hula takriban megabaiti 375 kwa dakika, yaani nafasi ya RAW kama 15 za megapikseli 24, na betri inakwisha nayo. Kwenye Sony tafuta MOVIE Button uiweke Movie Mode Only. Kwa wengine, zima kamera kabla ya kufunga zipu.

Nipo Unguja. Nikizungusha gurudumu la mbele kutoka 1/125 kwenda 1/250, linaruka hadi 1/400, linarudi 1/100, mara linasimama. Nimeshafunga na kufungua kila kitu mlichokwisha kuandika. (Msomaji, Unguja)

Hili sasa ni ugonjwa wa kweli. Chini ya gurudumu kuna kihesabu mizunguko, na kwenye kamera nyingi hesabu hiyo hufanywa na vidole vidogo vya chuma vinavyoteleza juu ya sahani. Unyevu wa chumvi ukiingia, chuma kinapata kutu nyembamba, na kihesabu kinasoma hatua moja kama tatu, au kama ya kurudi nyuma.

Pima kwanza. Weka M, zungusha hatua moja moja polepole, usikilize mlio wa kila hatua. Mpangilio sahihi ni 1/125, 1/160, 1/200, 1/250, 1/320. Ukiruka au kurudi nyuma huku mlio ni mmoja, ni kihesabu. Jaribu na gurudumu la pili: likiruka nalo vilevile, tatizo linaweza kuwa ndani zaidi, kwenye utepe wa nyaya au bodi.

Kama ni moja tu, toa betri, uzungushe gurudumu hilo haraka pande zote mbili, mizunguko mia hivi. Msuguano huo huparua kutu, na kwa kamera ambayo haijaoza sana hutosha kwa miezi. Isipotosha, fundi alifungue na kulisafisha kwa dawa ya kusafishia viungio vya umeme, isiyoacha mafuta. Mkatalie akitaka kupuliza WD-40 kupitia mwanya wa juu: inaacha mafuta, mafuta yanakamata vumbi, na mengine yanashuka hadi kwenye shata.

Wakati unasubiri, hamishia kazi kwenye gurudumu zima. Nikon: Customize command dials, kisha Change main/sub. Canon yenye magurudumu mawili: Custom Controls, ubadilishane ya mbele na ya nyuma ukiwa M. Sony nao wana kipengele cha kubadilishana magurudumu hayo. Kipenyo cha lenzi hubadilishwa mara chache kuliko kasi ya shata kwenye kazi nyingi, kwa hiyo mpe gurudumu gonjwa kipenyo, na ulisome kila unapoligusa.

Kamera ikitoka ufukweni ifute kwa kitambaa chenye unyevu kidogo wa maji yasiyo na chumvi, ikauke, ndipo iingie kwenye boksi la plastiki lenye mfuniko wa mpira na vifuko vya silika. Vile vinavyobadilika rangi ndivyo vya kununua, maana utajua vimeshiba lini.